Daktari Adrian Atiman: mtumwa aliyekombolewa, akaipanda njia ya misafara

 

Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye litania ya watakatifu, na sisi wa Bagamoyo na mwambao huu wa kaskazini ya Dar wengi wetu hatujawahi hata kulisikia. Anaitwa Adrian Atiman. Alikuwa daktari, katekista, mume na baba. Alitibu watu katika mji mmoja mdogo wa misheni, Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Najua utauliza: huyu wa Karema anatuhusu nini sisi watu wa pwani? Anatuhusu, tena sana. Ila kwanza tuanze na kile tunachokijua.

Kila kundi la vijana linalokuja Bagamoyo kuhiji linaonyeshwa yale yale: Msalaba kule ufukweni, mnara wa kanisa la zamani, makumbusho, makaburi ya wamisionari waliokufa wakiwa vijana kabisa kwa homa. Tunaelezwa kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, na kwamba watumwa waliokombolewa walipewa makazi katika kijiji cha uhuru. Tunaelezwa pia habari za misafara: watu na pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, miezi mitatu au zaidi kwa miguu, mpaka baharini. Yaani katika kichwa cha kila mmoja wetu njia ile ina upande mmoja tu. Ni njia ya kushuka, na anayeshuka amefungwa.

Atiman aliipanda. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na aliipita njia ile kuelekea bara kwa hiari yake, akiwa na elimu ya kuponya watu.

Alizaliwa karibu mwaka 1866, mbali sana na hapa, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Hebu fikiria mtoto wa miaka kama kumi, hana mama, hana mjomba, hana anayejua jina la kijiji chake, anatembezwa mchangani na watu wanaomhesabu kama mzigo. Huko Algeria wamisionari wa Kardinali Lavigerie, wale tunaowaita Wamisionari wa Afrika au White Fathers, walimnunua ili wamwachie huru. Wakamlea, wakamsomesha, naye akabatizwa kwa jina la Adrian.

Wengi wetu tunamjua Mtakatifu Josefina Bakhita, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 8 Februari. Bakhita na Atiman ni wa rika moja. Wote wawili walitekwa utotoni, wote walivushwa jangwa, wote walikutana na Kristo baada ya minyororo. Bakhita akawa mtawa huko Italia. Atiman yeye Mungu alimwita kwa njia nyingine, ile ambayo wengi wenu mnaosoma hapa mtaitwa nayo: kazi na ndoa.

Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni. Aliona Afrika itahubiriwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe, na kwamba mwenye kuhubiri akijua pia kutibu, atapokelewa katika kila nyumba. Basi mwaka 1881 alianzisha chuo kisiwani Malta kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, wasome udaktari wakiwa pia makatekista. Na alisisitiza kitu kimoja: wasome elimu ya Ulaya, lakini wasigeuzwe Wazungu. Wabaki Waafrika katika maisha yao, ili wakirudi wasiwe wageni kwa watu wao. Atiman alikuwa miongoni mwa vijana hao.

Alimaliza mwaka 1888. Ndiyo mwaka ule ule Lavigerie alipozunguka miji mikubwa ya Ulaya akipaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa. Atiman akasafiri na msafara wa Askofu Léonce Bridoux, aliyekuwa amewekwa wakfu mwaka huo huo kwa ajili ya Tanganyika. Wakafika Unguja, kisha bara. Na walipofika, mwambao wetu ulikuwa unawaka moto. Abushiri alikuwa ameinuka kuwapinga Wajerumani huko Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri huko Saadani. Kijana mwenye busara angesema ngoja kwanza mambo yatulie. Wao waliendelea na safari. Mwaka 1889 Atiman akafika Karema. Alikuwa na miaka kama 23.

Karema ya wakati ule ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji, ambalo wamisionari walikabidhiwa mwaka 1885, na watu waliokuwa wamekimbilia pale kwa hofu ya kutekwa. Askofu Bridoux mwenyewe hakudumu, alifariki mwaka 1890. Atiman alibaki.

Sasa kuhusu kazi yake, naomba tusiifikirie kwa macho ya hospitali za leo. Alipoanza kutibu, hakuna daktari popote duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Hilo lilijulikana mwaka 1897. Eksirei ilikuwa bado haijavumbuliwa. Makundi ya damu yalikuwa hayajajulikana. Penisilini ilikuja yeye akiwa tayari mzee. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, maana yake miaka yake 25 ya kwanza pale, njia ya kuleta dawa au kisu kipya cha upasuaji kutoka pwani ilikuwa ni kichwani mwa mpagazi. Chupa ikivunjika njiani, ndiyo basi, subiri msafara mwingine.

Katika hali hiyo alipasua, alifunga vidonda, aliuguza wagonjwa wa homa. Malale yalipoenea kwenye mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa pale pale. Hakukuwa na bingwa wa kumpeleka mgonjwa. Akishindwa yeye, hakuna mwingine wa jirani wa kujaribu. Na hakuwa na kiburi cha msomi. Alijifunza pia dawa za miti shamba kutoka kwa wenyeji, akazichunguza, na zilizofaa akazitumia. Kiukweli hapo mimi namwona mtu aliyemwelewa Lavigerie kuliko wengi: alitoka chuo cha Ulaya, bado akakaa chini na wazee wa kijiji kujifunza.

Halafu jioni, daktari huyo huyo alikuwa katekista. Mikono iliyoshika kisu asubuhi ndiyo iliyoshika katekisimu. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei kama wewe na mimi.

Tuje nyumbani kwake sasa, maana hapa ndipo mimi nimeguswa zaidi.

Atiman alimwoa Agnes Wansabira, binti wa chifu wa Wabende. Mnajua wenyewe ndoa zetu zinavyoanza. Kuna washenga, kuna wajomba, kuna mashangazi, kuna maswali: huyu ni mtoto wa nani, kwao wapi, kuna ugonjwa gani katika ukoo? Sasa fikiria mwanaume ambaye hana hata mmoja wa kumjibia. Ukoo wake uko ng'ambo ya jangwa na hawajui kama yu hai. Utumwa ulikuwa umemnyang'anya kila kitu kinachomfanya mtu aitwe wa kwa fulani. Na mtu huyo akaanzisha ukoo. Akawa mkwe wa watu, mume wa mtu, baba wa mtu. Mimi naona uponyaji mkubwa kuliko wote uliotokea Karema ulianzia nyumbani kwake mwenyewe.

Mtoto wao Joseph alikua, akaingia seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja la upadre. Tulia kidogo hapo. Baba alinunuliwa kwa fedha katika oasisi ya Algeria. Mtoto akasimama altareni akitoa sadaka ya yule aliyetununua sisi sote kwa damu yake. Kizazi kimoja tu! Na mzee akapokea Ekaristi katika Kanisa ambalo mwanawe ni padre.

Naomba msidhani kwamba maisha yake yalikuwa sherehe. Miaka 67 ni mirefu. Aliwaona Wajerumani wakija na kuondoka, Waingereza wakaja. Alipitia vita viwili vikuu vya dunia. Maaskofu aliowatumikia walikufa na kubadilishwa. Vijana aliowafundisha sala wakawa mababu. Kanisa na serikali walimpa nishani uzeeni, lakini nishani zinakuja siku moja. Zile siku nyingine zote ni za mtu anayebisha hodi usiku kwamba mtoto ana degedege. Alifariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wetu, akiwa bado Karema.

Nimeandika haya kwa sababu ya swali ambalo vijana wa VIWAWA na wa vyuoni tunaulizana kila siku: uhuru ni nini? Tunasema, nataka niwe huru, nisifungwe na kazi moja, nisifungwe na mji mmoja, nisifungwe na mtu mmoja. Ndoa tunaiogopa. Ahadi ya miaka miwili tunaiona ndefu. Wengine tunajiita huru kumbe tunakimbia tu.

Atiman alijua utumwa kweli, siyo wa mfano. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema sitafungwa tena na chochote, ni yeye. Na tazama alivyoutumia uhuru wake: akautoa wote kwa mji mmoja mdogo, mke mmoja, kazi moja, Mungu mmoja. Tofauti yake na mnyororo ni kwamba safari hii alichagua mwenyewe. Msamaria wa kwenye Injili alimhudumia majeruhi, akamlipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Atiman yeye alihamia pale pale majeruhi walipo.

Simwambii mtu yeyote asihame kijijini au asiende Dar kutafuta maisha. Yeye mwenyewe alisafiri kutoka Niger hadi Malta hadi Tanganyika. Ninachosema ni hiki: mahali fulani safari inapaswa kufika. Pawepo watu wanaoweza kusema, huyu ni wetu, hatatuacha. Inaweza kuwa zahanati ya kata, darasa, duka, familia yako. Siyo lazima ijulikane.

Basi nina ombi dogo. Wiki hii kwenye jumuiya ndogo ndogo, mtajeni Adrian Atiman na mkewe Agnes katika nia za sala. Waombeeni madaktari, matabibu na wauguzi walioko vituo vya mbali, wale wanaotamani kuhama kila mwezi na bado wanabaki. Na mkija Bagamoyo kuhiji, mkifika pale Msalabani ufukweni, baada ya kuwaombea walioshushwa kwenye njia ile wakiwa na minyororo, geukeni mtazame upande wa bara mkamkumbuke pia aliyeipanda.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, mganga wa roho na miili, ulimtoa mtumishi wako Adrian katika nyumba ya utumwa ukamfanya mkono wako kwa wagonjwa na baba mwema katika nyumba yake. Tufundishe sisi vijana kuupokea uhuru wetu kama zawadi, na kuutoa bila kujutia. Utupe moyo wa kudumu. Uwaponye wote wanaouzwa na kununuliwa hata leo. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mungu awabariki, tukutane wiki ijayo.