Ahmed Khalif: Mbunge wa Wajir Aliyehesabu Wafu Serikali Ikikataa

Kama umewahi kupanda basi ya Garissa kuja Nairobi, unajua hii stori. Mkifika daraja la Tana karao anaingia, na kuna sura huulizwa kitambulisho kabla ya zingine. Hii kitu haikuanza juzi, wasee.

Ahmed Khalif Mohamed alikuwa mbunge wa Wajir Magharibi, ndani ya ile NFD ambayo mkoloni aliifunga 1926. Kuingia huko bila pasi ilikuwa makosa. Uhuru ikakuja, lakini Desemba 28, 1963, siku 16 tu baada ya sherehe, sirkal ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Iliondolewa 1991! Mtu amezaliwa, amesoma, ameoa, na bado polisi wanaweza kuingia kwake bila kibali cha korti.

Sasa rudi Februari 10, 1984. Wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi. Serikali ikasema waliokufa ni 57, basi.

Kumbuka hiyo ni enzi ya Moi. Chama ni kimoja, jaribio la mapinduzi la 1982 bado halijapoa, na Special Branch wamejaa kila mahali. Watu walikuwa wakinong'ona hata wakikunywa chai. Khalif akasimama Bungeni akasema wamekufa zaidi ya 300, na majina anayo.

Hapo ndio hunichoma. Sirkal ilijua ukoo wa kila mwanaume wakati inamtoa kwa nyumba, lakini akishakufa, jina lake haikutaka kulisikia. Miaka mingi baadaye tume ya TJRC ilisema waliouawa huenda walikaribia 1,000.

Na hesabu ya walio hai haikuisha. 1989 Wakenya Wasomali waliambiwa waende wakapigwe msasa, wapewe kadi ya pinki wabebe pamoja na kitambulisho. Karibu na Dadaab, kuna Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia kwa mashine ya wakimbizi, kitambulisho kikawa ndoto. 2019 ikakuja Huduma Namba, na korti ikasema haiwezi kuendelea bila sheria ya kulinda data. Kwa vijana wa Garissa, hiyo kesi haikuwa mambo ya teknolojia.

Khalif hakuiona. Januari 2003 Kibaki alimfanya Waziri wa Leba. Wiki tatu tu baadaye, tarehe 24, alikuwa Busia na mawaziri wenzake kwa sherehe ya Moody Awori. Ndege yao ikipaa kurudi Nairobi iligonga nyaya za stima. Karua, Tuju na Linah Kilimo walitoka hai. Marubani wawili walikufa, na Khalif pia.