Mtakatifu Fransisko Ksaveri afariki mbali na kwao

Wengi wetu huogopa kuugua safarini. Nyumbani mama yupo, ndugu wapo, katekista hayuko mbali. Lakini ugenini nani atatushika mkono? Sikilizeni basi habari za Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepatwa na shida hiyo hiyo.

Fransisko alizaliwa mwaka 1506 katika ufalme wa Navara, ambao sehemu yake kubwa leo ni ya Hispania. Alisoma sana mjini Paris, akitafuta sifa za dunia. Huko Mtakatifu Inyasi wa Loyola alimgeuza moyo, hata akajitoa kabisa kwa Mungu. Tarehe 7 Aprili 1541 alipanda merikebu mjini Lisbon kwenda India, wala hakuiona tena nchi yake.

Merikebu ilikaa miezi sita hivi katika kisiwa cha Msumbiji, ikingoja pepo njema. Wasafiri wengi waliugua. Fransisko aliwauguza na kuwaungamisha, mwisho homa ikamwangusha yeye mwenyewe. Mungu akamponya; akapita Malindi, akafika Goa mwezi wa Mei 1542.

Kwa miaka kumi alifundisha dini huko India, Malaka, visiwa vya Maluku na Japani. Mjini Goa alizunguka njiani na kengele mkononi, akiwaita watoto na watumwa waje kujifunza sala.

Halafu alitamani kuipelekea China Habari Njema. Lakini mgeni aliyeingia nchi ile bila ruhusa alitiwa gerezani. Mwaka 1552 Fransisko alifika katika kisiwa kidogo cha Shangchuan, karibu na pwani ya China. Mfanyabiashara mmoja Mchina aliahidi kumvusha kwa siri, kwa malipo ya pilipili. Siku ya ahadi ikafika, mtu yule hakuja. Fransisko akangoja, chombo kisionekane.

Ndipo homa ikamshika. Alipelekwa merikebuni, lakini mawimbi yalimzidishia maumivu, akarudishwa pwani na kulazwa kibandani. Wakamtoa damu, kama desturi ya waganga wa siku zile, akazimia. Yeye aliyewapa watu wengi Sakramenti, sasa hakuwa na padri wa kumpa Sakramenti za mwisho.

Je, aliachwa peke yake? Hapana. Karibu naye alikesha Antonio, kijana Mchina Mkristu aliyesoma Goa. Antonio hakuwa padri, lakini hakumwacha. Mgonjwa alilitaja Jina la Yezu na kumwomba Bikira Maria. Mara nyingine alisali kwa lugha ambayo Antonio hakuielewa. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552 Antonio alimtilia mkononi mshumaa unaowaka, naye akakata roho kwa amani. Umri wake ulikuwa miaka 46.

Watu wachache tu walimzika. Machoni pa watu safari yake ilikuwa bure, maana China hakuiingia. Lakini mwaka ule ule alizaliwa Italia mtoto Matteo Ricci, ambaye baadaye alikuwa padri wa shirika lile lile la Yezu, akaingia China mwaka 1583. Mwili wa Fransisko ulihamishwa, nao umehifadhiwa Goa. Mwaka 1622 Eklezya ilimtangaza kuwa Mtakatifu, na mwaka 1927 Papa Pio XI alimfanya msimamizi wa misioni zote, pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu.

Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo, lishikeni fundisho hili. Ukiugua ugenini, usifiche imani yako. Tubu dhambi, sali, mwite Mkristu aliye karibu. Ukiwa katika hatari ya kufa, yeye aweza kukubatiza hata kama padri yuko mbali. Na ukisikia kwamba mgeni amelala mgonjwa kijijini kwenu, usiulize ni wa kabila gani. Mwendee upesi, uwe Antonio wake.