Karani aliyesoma kombe za mawe

Nilipokuwa mwalimu Hadado, kule Wajir Magharibi, mwanafunzi mmoja alirudi likizo kutoka kwa jamaa zake wa Mandera akaniletea jiwe. Lilikuwa limejikunja kama kome, na mistari yake yote ikionekana. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Pwani, alitaka nimwambie huyu ni mdudu gani wa baharini, na amefikaje nchi ya ngamia, zaidi ya kilomita 300 kutoka ufukweni. Sikuwa na jibu. Nililiweka jiwe dirishani, wala sikuandika popote liliokotwa wapi. Kosa langu nililifahamu miaka mingi baadaye, niliposoma maisha ya John Walter Gregory.

Wengi wetu tunamjua Gregory kwa ajili ya Bonde la Ufa. Kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza jina hilo duniani, na upande wa bonde unaopita Kenya unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini kabla ya bonde na baada yake, kazi yake kubwa ilikuwa viumbe wa bahari waliogeuka mawe, yaani visukuku.

Alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufi. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akaajiriwa ukarani katika biashara hiyo hiyo ya sufi. Mchana aliandika hesabu, usiku alisoma masomo ya jioni. Mwaka 1887 akapata kazi katika jumba la makumbusho la London, idara ya jiolojia. Huko alishughulika na matumbawe ya kale na wale wenye miba wanaowachoma wavuvi wetu miguu.

Mwishoni mwa 1892 alikuja kwetu na msafara mkubwa uliokusudia kufika Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana. Msafara ule ulivunjika mapema, huku huku upande wa Pwani. Wengine wangepanda meli wakarudi kwao. Yeye alirudi Mombasa, na mwaka 1893 akaondoka tena na wapagazi wapatao 40, Mzungu pekee kati yao. Walikwenda kwa miguu mpaka Naivasha na Baringo, wakakata Laikipia, naye akapanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu. Sifa zilimwendea yeye, lakini mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya watu wa kwetu.

Aliporudi Uingereza ndipo kazi yake ilipotugusa zaidi. Mwaka 1900 alitoa maelezo ya matumbawe ya kale ya nchi ya Wasomali, na mwaka huo huo yakatoka maelezo yake ya matumbawe ya kale ya Kachi, India. Sisi tunaijua Kachi kwa majahazi na majirani zetu Wakachi. Mawe yanasimulia ujirani mkongwe zaidi. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, Bukini ilipokuwa ikijitenga na bara letu, bahari iliingia katikati. Ilifunika sehemu za Mandera, Mombasa na Kachi, na ndiyo maana kombe za mawe za pande hizo zinafanana. Udongo mgumu wa Changamwe na mawe ya chokaa ya Kambe ni matope na masimbi ya bahari ile.

Wanazuoni wa Kiislamu walikwishaliona jambo hili. Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alieleza kwamba jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari, kwa kuwa waliochimba visima walikuta kombe ndani yake. Jawabu la mwanafunzi wangu lilikuwapo miaka elfu.

Gregory alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1919. Mwaka 1930 alisimamia uchapishaji wa ripoti za visukuku vilivyokusanywa na Bi McKinnon Wood katika Pwani ya Kenya. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikuwa bado safarini: mtumbwi wake ulipinduka katika Mto Urubamba, Peru, akazama.

Hakuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Mwaka 1925 alitoa kitabu kilichotetea watu watenganishwe kwa rangi, na hilo halifichiki. Mtu aliyeona kwamba bahari moja iliunganisha Kachi na Mombasa hakutaka watu wake wachanganyike. Tuchukue elimu yake, hilo tumwachie mwenyewe.

Elimu yenyewe haina siri. Kisukuku kinakuwa ushahidi pale tu kinapokuwa na kikaratasi: kimeokotwa wapi, kwenye tabaka gani, lini. Bila hayo ni pambo la dirishani. Visukuku vyetu kadhaa vimehifadhiwa Ulaya vikiwa na vikaratasi vyao, na sisi huku twavunja mawe ya chokaa kila siku bila kuyatazama.

Sheria ya makumbusho ya 2006 inalinda visukuku, na ofisi za Makumbusho ya Taifa ziko pale pale Fort Jesus. Basi mchimba kisima, dereva wa lori la kokoto, mwalimu na mchungaji, ukikutana na kome la jiwe usilivunje wala usiliuze. Lipige picha, andika mahali na siku, kisha wape habari.

Juzi nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Nilimwuliza lile jiwe alilitoa wapi hasa. Jiwe alilikumbuka. Mahali amesahau.