BI. KATHERINE ROUTLEDGE NA PICHA ZA NYANYA ZETU

Tukiulizwa ni nani waliotuachia picha za maisha ya kale ya huku kwetu, wengi wetu tutataja wamishenari au mabwana D.C. Mimi leo nawaletea mwanamke. Jina lake ni Bi. Katherine Routledge.

Alizaliwa mwaka wa 1866 katika mji wa Darlington, Uingereza. Jamaa yake, akina Pease, walikuwa matajiri wa madhehebu ya Quaker, yaani Marafiki, wale wale walio na makanisa mengi kule Kaimosi. Alisomea historia Oxford, akafaulu vizuri mwaka wa 1895. Lakini shahada je? Wapi! Chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada hadi mwaka wa 1920. Aliondoka na elimu yake kichwani tu.

Mwaka wa 1906 aliolewa na Bw. William Scoresby Routledge, ambaye alikuwa amekwisha kukaa katika nchi ya Wakikuyu. Wakaja wote wawili, wakaishi Nyeri hadi 1908. Ukitoka hapa Theta ukapita Thika na kuvuka mto Chania, umekwisha ingia Murang'a, na Nyeri iko mbele yake. Kwa hivyo habari hizi si za ng'ambo, ni za jirani.

Waliyoyaona waliyatia katika kitabu kikubwa kilichotolewa London mwaka wa 1910. Kina picha nyingi, na uzuri wake ni kwamba hazikuhusu wakubwa peke yao. Zinaonyesha kazi. Akina mama wanafinyanga vyungu kwa mikono mitupu bila gurudumu. Wafua vyuma wanatumia mchanga mweusi wa mtoni, makaa na mivukuto. Kuna habari za kusokota kamba, kusuka vyondo, kulima na kutengeneza pombe ya miwa. Kwa kuwa Bi. Katherine alikuwa mwanamke, aliweza kuzungumza na wanawake wenzake mambo ambayo mwanamume mgeni asingeambiwa.

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Kitabu hicho kinaitwa With a Prehistoric People, maana yake kuishi na watu wa kabla ya historia! Ati mama mwenye ujuzi wa kuchoma chungu kisipasuke hana historia? Tena wengi wa watu wa kawaida waliopigwa picha hawakuandikwa majina. Tunauona mkono na chungu, lakini mwenye mkono hatumjui. Mimi jambo hili linanichoma, hasa kwa kuwa Bi. Katherine mwenyewe alijua uchungu wa kufanya kazi na kunyimwa heshima yake.

Baadaye yeye na mumewe walijenga jahazi, wakaliita Mana. Waling'oa nanga mwaka wa 1913, wakafika kisiwa cha Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki, mwaka wa 1914. Ndiko yaliko yale masanamu makubwa ya mawe. Alikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, akiwahoji wazee wa mwisho waliokumbuka mila zao. Kitabu chake cha 1919 ndicho kilichompa jina duniani.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Aliugua akili, na mwaka wa 1929 akafungiwa hospitalini bila hiari yake. Alifariki mwaka wa 1935.

Sasa sisi tufanyeje? Nyumbani kwetu kuna picha ukutani na nyingine ndani ya masanduku: cucu akichuma kahawa, guka na baiskeli yake, harusi, matanga. Nyingi hazina neno hata moja nyuma. Shime, wenzangu! Likizo hii tuketi na wazee tuwaulize: Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Mwaka gani? Kisha tuandike kwa kalamu ya risasi, polepole, tusiharibu picha. Bi. Katherine alitoka mbali akatuwekea sura. Majina ni kazi yetu, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari.