KARANI ALIYEMKABILI MFALME

Edmund Dene Morel alikuwa mwandishi wa magazeti aliyefichua dhuluma ya mfalme.

Morel alizaliwa Paris mwaka 1873. Baba yake alikuwa Mfaransa, na mama yake Mwingereza. Mwaka 1891 aliajiriwa kuwa karani huko Liverpool katika Elder Dempster, kampuni ya meli iliyochukua shehena za Kongo. Wakati huo Kongo ilitawaliwa kama mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyejitangaza kuwa mfadhili wa Waafrika.

Kwa kuwa alijua Kifaransa, Morel alitumwa Ubelgiji kusimamia kazi za kampuni. Huko bandarini Antwerp aliona jambo la ajabu. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilirudi Kongo na askari, bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wenyeji zilikuwa chache mno. Hata alipolinganisha hesabu, akatambua kwamba watu wa Kongo walikuwa wakitumikishwa kwa nguvu bila ujira.

Wakubwa wake hawakufurahi. Walijaribu kumnyamazisha kwa cheo na fedha, naye akakataa. Mwaka 1901 aliacha kazi, ingawa alikuwa na jamaa ya kulisha. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake la kila juma, West African Mail.

Tukumbuke kwamba Morel hakufika Kongo. Waliomletea ushahidi ni wengine, hasa wamisionari. Bibi Alice Harris, mmisionari wa Baringa, alimpiga picha baba mmoja, jina lake Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Naye Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka vijijini, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Mwaka huo huo wakaunda chama cha kuwatetea watu wa Kongo.

Leopold alilipa watu wamtetee magazetini. Lakini tume aliyoiteua mwenyewe ilithibitisha maovu hayo mwaka 1905, na mwaka 1908 ikambidi aiachie Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji.

Morel hakuwa mkamilifu. Mwaka 1920 aliandika maneno ya dharau juu ya askari wa Kiafrika waliowekwa na Ufaransa huko Ujerumani, jambo la kusikitisha kwa mtu aliyewatetea ndugu zao. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mbunge wa Dundee, na Winston Churchill akakosa kiti hicho. Alifariki mwaka 1924.

Basi, wapendwa, wengi wetu hupitiwa na hesabu mikononi, kazini au katika kamati. Tuzisome kwa makini. Nyuma ya tarakimu huenda yuko mtu anayedhulumiwa, asiye na mwingine wa kumsemea.