Mlinda mlango aliyegeuka mwalimu

Marehemu Blagoje Vidinić alizaliwa Skopje, Yugoslavia, mwaka 1934. Alikuwa mlinda mlango katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960. Baadaye, akiwa mwalimu, aliiongoza Moroko katika Kombe la Dunia la 1970. Na mwaka 1974 akaipatia Zaire, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kombe la Afrika.

Mwaka huohuo, huko Ujerumani Magharibi, Zaire ilipambana na Yugoslavia. Baada ya mabao 3, Vidinić alimwondoa langoni Kazadi Mwamba. Mabao yakafika 9.

Kwa mlinzi, kuondolewa lindoni ni fedheha kubwa. Siku 4 baadaye, dhidi ya Brazil, mwalimu alimrudishia Kazadi lango lake. Wakafungwa 3 tu. Vidinić alifariki mwaka 2006.