Harry Brearley, aliyekishinda kutu

JIBONDO, kisiwa cha mawe ya matumbawe wilayani Mafia, kimezungukwa na adui wa zege: chumvi. Ikifika kwenye nondo, kutu huota, huvimba na kulipasua zege. Kinga mojawapo ilitoka mbali na bahari, mikononi mwa Harry Brearley.

Alizaliwa mwaka 1871 mjini Sheffield, Uingereza, mtoto wa myeyusha chuma. Aliacha shule akiwa na miaka 12, akaingia kiwandani, kemia akajifunza usiku. Mwaka 1912 alitakiwa kutafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Agosti 1913 alichanganya kromiamu karibu asilimia 13, na asidi za maabara zikashindwa kukila. Waajiri hawakuvutiwa, yeye akawaza visu, na hapo ndipo alipowazidi. Mwaka 1915, baada ya mzozo wa haki za ugunduzi, aliondoka. Alifariki dunia mwaka 1948.

Nondo za jamii hiyo ya chuma zimedumu miongo mingi katika gati la Progreso, Mexico, lililokamilika mwaka 1941. Lakini nyaya zake za nguvu kubwa, zinazovutwa na kukazwa ndani ya zege, zina udhaifu: chumvi ikikutana na mvutano huo, zinaweza kupasuka kabla kutu haijaonekana nje.